Kichwa cha Rangi Mbili

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: mtu akikwambia fulani yupo, nimemwacha pale sasa hivi, huwa unamuuliza kama ameuona uso wake, au ameona koti lake tu limetundikwa msumarini? Wengi hatuulizi. Inspekta Ragnhild Tofte naye hakuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi iliyomlisha tangu ujana.

Alhamisi hiyo asubuhi alirudi kwenye karakana ya Chama cha Vichwa, chini ya kiwanda cha zamani cha majarini pale mjini Svendborg, hatua chache kutoka bandarini. Mvua ilikuwa ile ya Novemba, haikunyeshei ukalowa wala haikuachi ukakauka. Alipangusa viatu mlangoni, akatundika koti, akasimama akitazama.

Vichwa vilikuwa vimepangwa rafuni kama vyungu sokoni. Kimoja hakikuwa na taya. Kingine kilikuwa na jicho moja la buluu, la pili lilikuwa tundu tu. Vyote vya plastiki, na vyote vimetengenezwa jioni na wikendi na watu wenye kazi zao nyingine au wasio na kazi tena. Aliyeanzisha mambo haya alikuwa Torkild Hvass, fundi chuma mstaafu wa uwanja wa meli. Nia yake ilikuwa moja: kichwa cha roboti kinachogeuka, kinachofumba macho na kusema, ambacho hata mzee wa pensheni angeweza kujitengenezea mezani kwake. Kope alizivuta kwa mota ndogo za ndege za watoto. Taya alilifunga kwa bawaba za kabati la jikoni. Michoro yake hakumuuzia mtu. Ukiomba, unapewa.

Sasa Torkild alikuwa amepotea. Mkewe, Jytte, alikwenda polisi Jumatano ya juma lililopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata hata kiatu chake.

Simu ya Ragnhild ililia kabla hajaketi. Alikuwa mkuu wake, Krogh.

"Wapiga mbizi nawatoa majini leo jioni," Krogh alisema. "Nimeshaambiwa mara mbili. Watu wazima wanapotea, Ragnhild. Huyu bahari imemchukua Jumanne ile ya dhoruba, na haitaki kumrudisha."

"Nipe mpaka kesho."

"Nimekupa mpaka jioni. Na yule muuza makabati aliyegombana naye?"

"Anker Brix? Naenda kwake baadaye."

"Uende na maswali mapya. Yale ya zamani keshayazoea."

Akakata.

Aliyekuwemo karakanani ni Helmuth Dalsgaard peke yake, daktari wa meno mstaafu. Yeye ndiye aliyevichongea vichwa vyote meno, na alikuwa na mzaha mmoja ambao alimwambia kila mgeni.

"Wagonjwa wangu wa siku hizi hawapigi kelele," alisema, akimsogezea kikombe. "Kahawa ya asubuhi, maziwa hamna."

"Nipe hivyo hivyo. Helmuth, lile fuvu la mwisho liko wapi?"

"Pale pale mlipoliacha. Sisi hatugusi kazi ya mtu."

Fuvu lilikuwa mezani kwa Torkild, ndani ya mfuko wa polisi uliokwisha kufunguliwa. Mashine ilimaliza kulichapa Jumanne, ile Jumanne ya dhoruba, ikajizima. Ragnhild alikuwa amejifunza namna mashine ile inavyofanya kazi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayesuka kikapu akianzia kitako, na fuvu zima huchukua siku kadhaa. Lile lilianzishwa Ijumaa mchana, kioo cha mashine kilisema hivyo chenyewe. Katikati rola la uzi liliisha, likawekwa jipya. Polisi walipoona hivyo waliridhika. Mtu aliweka rola, kazi ikaendelea mpaka Jumanne, basi Torkild alikuwepo mpaka Jumanne. Kamera za bandari, basi, gari moshi, vyote vilitazamwa kuanzia Jumanne.

Alilibeba fuvu mpaka dirishani, lile dirisha dogo la juu linaloonyesha miguu ya wapita njia. Aliligeuza. Aliligeuza tena.

"Helmuth, njoo huku kwenye mwanga. Hii kidevuni ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na huku juu ya sikio?"

Mzee alivaa miwani. Aliinama kama anayekagua gego. "Nyeupe pia. Ila hii imeingia umanjano. Kama mfupa. Ile ya chini ni kama maziwa."

"Taa za hapa haziwezi kuonyesha hivyo."

"Taa za hapa mbaya. Tumeshalalamika kwa mwenye jengo."

Ragnhild alirudi kwenye meza ya Torkild, akapiga magoti sakafuni. Chini ya meza palikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake rola la uzi ambalo nailoni yake haijafunguliwa. Alilitoa, akaliweka kando ya kidevu cha fuvu. Maziwa kwa maziwa.

"Torkild akiishiwa uzi katikati ya kazi, huchukua wapi mwingine?"

"Hapo hapo. Kila mara hununua mawili ya rangi moja. Moja mashineni, moja sandukuni. Yule ni mtu wa mpango, hata soksi..."

"Mbona hili halikufunguliwa?" Ragnhild aliuliza.

Helmuth alilitazama rola, kisha akaitazama rafu ya chama ukutani, ambako marola ya watu wote yalitundikwa, ya kila rangi, mengine yamebaki nusu.

"Nani alibadilisha rola, Helmuth?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Ni nani?"

"Ni mimi." Aliweka kikombe chini. "Nilipita kuchukua kalibu za meno. Nikakuta mashine inalia, piii, piii, imesimama, uzi umekwisha. Nikachukua la rafuni lililofanana, nikaliweka, nikabonyeza iendelee. Hii ndiyo desturi yetu, bibie. Ukikuta mashine ya mwenzio imeishiwa, unamjazia na kwenda zako. Wala husemi. Ukisema, ni kama unadai shukrani."

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Na Torkild alikuwa wapi?"

"Ametoka kidogo. Kununua mkate, sijui."

"Nani alikwambia ametoka kidogo?"

"Mashine ilikuwa kazini, Ragnhild! Mashine haiachwi peke yake, inaweza kuwaka moto. Ikiwa kazini, mwenyewe yupo."

"Sikuulizi habari za mashine. Torkild ulimwona?"

"Jumapili, hapana."

"Lakini ulituambia kwamba Jumatatu alikuwepo."

"Alikuwepo! Yaani..." Helmuth alipapasa kidevu chake. "Mashine ilikuwa inatembea. Kikombe chake mezani. Simu yake inawaka."

Simu. Ragnhild aligeuka kukitazama kile kichwa kilichosimama kwenye mti wake mwisho wa meza, kichwa cha nne cha Torkild. Hakikununuliwa kamera wala ubongo. Nyuma ya macho palikuwa na nafasi ya kuingiza simu, na simu ndiyo iliyoona, ikasikia, ikaamrisha kope. Waliikuta humo, imechomekwa umeme. Juma zima polisi walikuwa wakiambiana kwamba simu ya Torkild haikuondoka karakanani mpaka Jumanne, na kumbe ilikuwa haiwezi kuondoka, ilikuwa ndiyo macho na ubongo wa kichwa kile.

"Mkewe alisema Jumamosi alipiga simu akaambiwa yupo," Ragnhild alisema. "Aliyepokea ni nani?"

Helmuth aliketi kwenye kochi ambalo Torkild alizoea kulalia kazi zikiwa ndefu.

"Ililia ndani ya kichwa. Nikaona si vizuri kuiacha ilie. Nikamwambia yupo, usiwe na wasiwasi, sikia mashine inavyotembea. Nikamsogezea akasikia."

"Na Anker aliisikia kupitia ukuta wa stoo yake hapa jirani, Jumapili usiku."

"Sote tuliisikia."

"Basi mlinipa mashahidi watatu," Ragnhild alisema, "na wote watatu wameisikia mashine tu."

Hakupaza sauti. Alimpigia Krogh palepale, akiwa amesimama.

"Torkild aliondoka Ijumaa, siyo Jumanne. Nataka picha za kamera za bandari na za kituo, Ijumaa ile mchana."

Vidole vya Krogh vilisikika vikibonyezabonyeza.

"Hazipo," Krogh alisema. "Wanaweka juma moja tu, halafu zinajifuta. Ungeniuliza Ijumaa iliyopita ningekupa."

"Ijumaa iliyopita sikujua."

"Basi ndiyo hivyo." Krogh akashusha pumzi. "Ragnhild, kama ni Ijumaa, unajua maana yake. Siku zote hizi, baridi hii. Hutafuti mtu tena."

"Najua ninachokitafuta."

Alikaa kwenye stuli ya Torkild, akaitazama meza kama ambavyo mwenye meza angeitazama. Mbele yake palikuwa na sahani za bati, za kuokea keki, na kila moja ilikuwa na vipande vyake. Macho mawili kwenye pamba. Kope, mota zake zimefungwa waya kwa unadhifu. Taya na bawaba. Sahani ya mwisho ilikuwa na skrubu nne, pete ya mpira na vumbi la chuma. Katikati palibaki wazi, duara safi lisilo na vumbi.

"Mashine ikianza kazi ya siku nyingi," alimuuliza Helmuth, "mwenyewe hufanya nini?"

"Hulala. Huandaa kipande kinachofuata. Fuvu likitoka lazima likute kila kitu tayari."

"Kinachofuata hapa ni kipi?"

Helmuth aliinuka, akaja kuangalia sahani ya mwisho. "Shingo. Kulikuwa na mota hapa, naona ameitoa. Iliungua, alisema. Kichwa kilikuwa kizito kwake."

"Angepata wapi nyingine? Dukani?"

"Torkild? Dukani?" Helmuth nusura acheke. "Alitumia mota za waipa, za magari mabovu. Alisema kila mji una gari bovu. Wapi hasa, sikumuuliza. Muulize Anker, ndiye waliyegombania naye shingo."

"Anker alisema waligombania kuuza michoro."

"Hiyo pia."

Duka la Anker Brix lilikuwa mtaa wa pili, limejaa majiko mazuri yasiyopikiwa kitu. Katika kila sinki kulikuwa na limau la plastiki. Anker alimwona Ragnhild kupitia kioo, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama anayesubiri pingu.

"Zile za chuma umeleta, au leo tunaongea tena?"

"Shusha mikono, Anker. Ijumaa ile ulikuwa wapi?"

"Ijumaa? Mbona siku zote mnaniuliza Jumanne?"

"Leo nauliza Ijumaa."

"Aarhus, kwenye maonyesho ya majiko. Kutwa na usiku wake. Waulize watu mia mbili waliokula soseji zangu za bure." Alishusha mikono. "Kwa nini Ijumaa?"

"Alhamisi jioni uligombana na Torkild. Nieleze tena, ila safari hii anza na shingo."

Anker alifuta kaunta iliyokuwa safi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na sasa yalimpungukia.

"Nilimwambia tukiuze ndani ya boksi, kimekamilika, na mota nzuri ya kununuliwa. Akasema mota hiyo itamfanya mtoto wa shule ashindwe kukijenga. Nikamwambia basi kichwa chako kitaning'inia maisha yake yote kama cha mlevi. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, nitakuletea shingo Jumamosi, ukiweza kuivunja kwa mkono wako, tutauza."

"Angeitoa wapi?"

"Kwenye gari la kaka yake, marehemu. Lipo kwenye banda, zile bustani za kukodi za juu kule, nyuma ya reli. Ni la zamani, mota zake za waipa ni za nguvu, siyo hizi za siku hizi."

Ragnhild alisogea karibu na kaunta. "Jytte alituambia bustani hiyo iliuzwa majira ya kuchipua."

"Alimwambia ameiuza. Hakuiuza. Alitaka gari." Anker alimtazama usoni. "Nilidhani mnajua."

"Hukusema."

"Hamkuuliza! Mlikuja hapa mara tatu. Jumanne ulikuwa wapi, Jumanne nani alikuona, Jumanne, Jumanne. Mtu aliyekuwepo mpaka Jumanne bustani ya Ijumaa inamhusu nini?"

Ragnhild alitoka.

Walikwenda kwa gari la Ragnhild, yeye na Helmuth, kwa sababu bustani ile iliandikwa bado kwa jina la marehemu na Helmuth ndiye aliyewahi kufika. Njiani alipiga simu akaomba askari wawili na daktari. Helmuth alishika magoti yake. Alisema neno moja tu, walipovuka reli.

"Majira haya hakuna mtu huku. Maji wanayafunga Oktoba."

Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, lakini kufuli lilikuwa limening'inizwa tu, halikubanwa. Aliyeingia alikusudia kutoka muda si mrefu. Ndani ya lango, baiskeli ya Torkild iliegemea ua, ikiwa na majani makavu yaliyoloa juu ya tandiko. Ua ulikuwa mrefu. Kutoka barabarani usingeiona.

"Wewe kaa hapa," Ragnhild alisema.

"Huenda akahitaji..."

"Helmuth. Kaa hapa."

Alipita vijumba vilivyofungwa madirisha, na miti ya matofaa isiyo na kitu. Banda lilikuwa mwisho, la mbao zilizopakwa rangi nyekundu. Komeo lake lilikuwa na mkono nje na ndani, wa ndani uko juu, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Mlango ulikuwa umejifunga. Alipoinua komeo kwa nje na kuusukuma, uligusa kitu, ukakataa, ikabidi aingie kwa ubavu.

Hakugusa chochote. Alisimama mahali pamoja, akatazama kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyofundishwa.

Gari lilikuwa na boneti wazi. Mbele yake kreti ya bia iliyopinduka, kibao kimoja kimevunjika. Juu ya injini, spana mbili na bisibisi. Sakafu ya saruji ilikuwa na mfereji katika vumbi, mpana kama kiwiliwili, kutoka kwenye kreti mpaka mlangoni. Torkild alikuwa mwisho wa mfereji huo, bega lake limeegemea mlango, magunia mawili ya viazi yamefunika miguu. Mguu mmoja ulilala upande ambao mguu haulali. Chupa ya kahawa ilikuwa kando yake, kifuniko wazi, tupu, na karatasi ya mkate mweusi imekunjwa mara nne. Kwenye mbao za mlango, chini ya komeo, kulikuwa na alama za kugonga, za mpini wa nyundo, nyingi, zimeanzia juu kidogo na kushuka.

Kichwa chake kilikuwa wazi. Kofia yake ya sufu ilikuwa mapajani, imefungwa kama furushi. Daktari ndiye aliyekuja kuifungua baadaye. Ndani yake mlikuwa na mota ya waipa, imepanguswa mafuta, kavu kabisa.

Daktari alipiga magoti muda mrefu. Alipotoka alivua glavu, akazungumza huku akitazama miti.

"Nyonga. Alidondoka, nyonga ikavunjika. Hilo peke yake haliui."

"Alikufa lini?"

"Usinibane, Ragnhild."

"Siyo Ijumaa?"

"Siyo Ijumaa. Mwanzoni haikuwa baridi sana, alikuwa na magunia. Jumamosi alikuwa hai. Jumapili, inawezekana. Zaidi ya hapo nisubiri."

Helmuth alikuwa amesogea mpaka kwenye njia. Alikuwa amesikia. Ragnhild alimwona akifumbua kinywa, akakifumba, kisha akafumbua tena.

"Jumapili mchana," Helmuth alisema. "Ilikuwa mchana. Nilikuwa na haraka, mjukuu wangu alikuwa na mechi. Rola nililiweka kwa dakika mbili."

Askari mmoja alimshika kiwiko akampeleka kwenye gari. Hakuna kosa la kisheria katika kumwekea mwenzio rola la uzi. Ragnhild alilijua hilo, na Helmuth pia, na halikumsaidia yeyote.

Krogh alipiga simu. Alisema wapiga mbizi wameshatoka majini. Alisema jalada litafungwa kesho: ajali. Alisema pia, kwa sauti ya chini kidogo, "Umempata, angalau," na Ragnhild akamjibu kwamba hilo neno amwambie mke wa mtu ana kwa ana kama anaweza.

Hakuweza. Akaenda Ragnhild.

Jytte Hvass alikuwa ameshawasha mishumaa dirishani ingawa jioni haijaingia, kama nyumba zote za mtaa ule. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye aproni. Alipoona Ragnhild amesimama mlangoni bila kufuta viatu, hakuuliza. Aliingia jikoni, akatoa vikombe viwili, akarudisha kimoja kabatini, akakitoa tena.

"Keti, mwanangu. Sema ukiwa umekaa."

Ragnhild alisema. Alisema bustani, banda, gari, kreti. Alisema Ijumaa. Hakuacha kitu, maana alijua watu huja kuvisikia vilivyoachwa kutoka kwa majirani. Jytte alisikiliza akilainisha kitambaa cha meza kwa kiganja, kutoka katikati kwenda ukingoni.

"Bustani aliniambia ameuza."

"Hakuiuza. Alitaka gari, kwa ajili ya mota."

"Alikuwa amevaa lile koti nene?"

"Ndiyo."

"Na kofia?"

"Aliivua. Aliifungia mota, isilowe."

"Nilimfumia mimi." Jytte alitikisa kichwa polepole. "Mota. Ee, Torkild." Alimimina kahawa, mkono ukiwa imara, akajaza mpaka ukingoni bila kumwaga. "Wale wa chama, nao wameshakata tamaa, walinipigia simu leo asubuhi. Wanataka kukimalizia kile kichwa, wakiweke katika maonyesho, na jina lake. Wamesema watakiwekea sauti yake, wanazo rekodi. Kila mtu aweze kuja kuongea naye. Niwaambieje?"

"Unavyotaka wewe."

"Mimi?"

"Hakuna mwingine wa kuulizwa."

Jytte alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Alitazama kiti cha pili, kisha vidole vyake.

"Unajua karakana ile sijawahi kuiona ndani? Mara zote alikuwa akisimama pale mlangoni, anafunga kamba za viatu. Mimi nasimama hapa na kitambaa cha vyombo mkononi. Namwambia usisahau mkate. Namwambia funga shingo, kuna upepo. Ijumaa ile pia nilisimama hapa. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya nje. Akaniuliza, unakwenda wapi? Nikasema, siendi popote, nimevijaribu tu."

Ragnhild hakugusa kikombe.

"Jytte, ulikuwa unakwenda wapi?"

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Jytte alisubiri mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Nilitaka kwenda naye," alisema.